Paleti 30 zimegoma kuingia kontena la futi 40: habari nzima ya sentimita 9 (uzi mrefu)

Mzee wa Yadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika kwa sababu ya shemeji yangu wa Kariakoo, ila najua humu wamo wengi ambao yaliyomkuta yeye yameshawakuta au yako njiani.

Shemeji kanunua viungio vya mabomba ya plastiki Ubelgiji, paleti 30, yaani mizigo 30 iliyopangwa kwenye majukwaa ya mbao. Muuzaji kamwandikia kabisa kwamba zote zinaenea kontena moja la futi 40. Jamaa kalipa nauli ya kontena moja, kakaa kusubiri. Siku ya kupakia akatumiwa picha na watu wa ghala: kontena limejaa, sili imeshapigwa, na paleti 5 zimesimama peke yake kwenye rampu. Akanipigia saa tano usiku, sauti imemkauka. "Shemeji, hawa wameniibia?"

Hawajamwibia. Muuzaji alipiga hesabu ya kontena ambalo halipandi meli za kuja kwetu. Mimi niko kwenye yadi ya makontena kaskazini mwa Ujerumani mwaka wa tisa huu, na kosa hili nimeliona hata kwa watu waliosomea usafirishaji. Shikeni kalamu, hesabu ni ya darasa la nne.

Paleti ya Ulaya ina urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.8. Ilikubaliwa na mashirika ya reli ya Ulaya mwaka 1961, na tangu hapo maghala, rafu, foklifti na malori ya kule yamejengwa kuizunguka. Ukiweka paleti 3 upande kwa upande kwa mita 0.8, unapata mita 2.4. Ukiweka 2 kwa mita 1.2, unapata mita 2.4 ileile. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anachotaka kwenye chombo chochote cha kubebea mzigo ni mita 2.4 safi ndani, na nafasi kidogo ya kupumua.

Sasa kontena letu tulilozoea, lile la ISO (shirika la viwango vya kimataifa), lina futi 8 kwa nje, yaani mita 2.438. Toa unene wa kuta, ndani unabaki na mita 2.35. Umekosa sentimita 5 za paleti zenyewe, na ukihesabu nafasi ya kuingizia, umekosa kama 9.

Matokeo yake ni haya. Kwenye futi 40 ndani kuna mita 12.03 za urefu. Kwa kuwa paleti 3 haziingii kwa upana, inabidi mstari mmoja ulale na mwingine usimame: upande huu unapanga 10 kwa mita 1.2, upande ule 15 kwa mita 0.8. Jumla 25. Upana uliotumika ni mita 2 tu, na sentimita 35 zinabaki tupu kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho, ukazijaze kwa mifuko ya hewa ili mzigo usicheze baharini. Lipanue kontena hilohilo kwa sentimita 9, paleti zinaingia 3 kwa safu, safu 10. Thelathini.

Hizo ndizo paleti 5 za shemeji.

Anayeuliza kwa nini muuzaji alisema 30 ni kwa sababu kontena la aina hiyo lipo, na kwake ni la kila siku. Linaitwa kontena pana. Linazunguka Bahari ya Kaskazini, Baltiki na Mediterania, kati ya Rotterdam na Uingereza, Ireland, Skandinavia. La futi 40 linabeba paleti 30. La futi 45 linabeba 33, sawasawa na trela la lori la mita 13.6, na hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake: mwenye mzigo anahama kutoka barabarani kwenda kwenye meli au treni bila kupunguza hata paleti moja.

Nitaendelea na swapubodi, lile bodi la lori linaloshushwa na kusimama lenyewe, maana ndiyo mapenzi yangu. Kwanza maswali.

Dereva Tunduma

Mkuu umenifungua macho. Miaka yote navuta makontena ya transiti kwenda Lubumbashi, sijawahi kujiuliza kwa nini ni futi 8 na si 9. Nani alichagua?

Mzee wa Yadi

Barabara za Marekani zilichagua, kaka. Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzisha usafiri wa makontena, alikuwa mwenye malori kabla hajawa mwenye meli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Upana ulikuwa futi 8 kwa sababu sheria za barabara za wakati ule hazikuruhusu gari pana zaidi ya hapo. Boksi lilikuwa bodi la trela lililotolewa magurudumu tu. ISO walipokuja kuandika viwango miaka ya 1960, Wamarekani walikuwa na meli, kreni na maboksi tayari, futi 8 ikapita. Paleti ya Ulaya nayo ilikuwa imeshazaliwa. Vitu viwili vilikua kila kimoja kwao, vikakutana vikubwa, havikuingiliana.

Mimi hili linaniuma kweli, kwa sababu kila siku kazini naona hewa ikisafirishwa. Ile nafasi tupu ya sentimita 35 ilikuwa ikilipiwa nauli na babu zetu na tunailipia sisi.

Mtu wa Njombe

Naomba kuuliza. Sisi tunapakia parachichi kwenye kontena za baridi futi 40 kwenda Uholanzi. Wanunuzi wanatulazimisha paleti za 1.0 kwa 1.2, hawataki zile za 0.8. Nilidhani ni ukaidi tu. Inahusiana?

Mzee wa Yadi

Inahusiana moja kwa moja, na hapo wanunuzi wako wanakusaidia. Kontena la baridi lina kuta nene za povu, ndani upana ni kama mita 2.29 tu. Paleti yako moja imelala, nyingine imesimama: 1.2 na 1.0 ni mita 2.2. Inakaa vizuri, hewa baridi inapanda kutoka sakafuni bila kupata njia ya mkato pembeni. Urefu wa ndani ni kama mita 11.58, kwa hiyo upande mmoja unapanga 11, upande mwingine 9, jumla 20. Ndiyo maana kila mtu wa parachichi unamsikia anasema "ishirini". Ungeleta zile za 0.8 ungeacha uwazi mkubwa pembeni, na kwenye kontena la baridi uwazi ni adui: baridi inapita pale pasipo na mzigo, parachichi za katikati zinaiva safarini.

Zikifika Rotterdam zinahamishiwa kwenye trela la baridi la barabara. Lile Ulaya imeliruhusu kufika mita 2.6 kwa nje ili kufidia unene wa kuta zake, wakati magari mengine mwisho ni mita 2.55. Ndani linapokea paleti zako 2 kwa upande wa mita 1.2, safu 13, yaani 26. Kwa hiyo mzigo wa kontena 4 zako unatosha kama trela 3. Umeona tofauti ya upana inavyokula pesa?

Mtu wa Njombe

Asante sana mkuu. Nimepiga hesabu kwenye karatasi, 80 kwa 26 ni trela 3 na paleti 2 zinabaki. Lakini nimeelewa. Kesho nawaeleza vijana wa ghalani kwetu, maana nao walikuwa wananung'unika.

Mzee wa Yadi

Sawa kabisa, 2 zinabaki. Nimekubali.

Sasa swapubodi. Wajerumani wanaiita Wechselbrücke. Hebu fikiria bodi la lori, la turubai au la kuta ngumu, linaloweza kushuka kwenye gari na kusimama lenyewe kwa miguu minne ya chuma. Dereva anafika ghalani, anainua gari kwa mifuko ya hewa ya springi, anashusha miguu na kuifunga kwa pini, anashusha gari, kisha anatoka chini ya bodi taratibu. Bodi linabaki limesimama kwenye rampu, watu wa ghala wanapakia kwa muda wao. Yeye kashaondoka na bodi lingine. Kreni haihitajiki, foklifti ya kubebea kontena haihitajiki, ni dereva na pampu ya upepo. Aliyeizoea anamaliza ndani ya dakika chache.

Upana wake ni mita 2.5 kwa za zamani na 2.55 kwa za sasa, za baridi hadi 2.6. Kwa hiyo paleti 3 zinaingia bila ubishi. Urefu unaopendwa zaidi ni mita 7.45, ambao unabeba paleti 18. Ipo ya 7.15 inayobeba 17 na ya 7.82 inayobeba 19. Lori moja linabeba bodi moja mgongoni na kuvuta lingine kwenye tela, kwa hiyo paleti 36, wakati semi ya mita 13.6 inaishia 33 au 34. Ukiwa msafirishaji wa vifurushi au wa nguo, hizo paleti 2 au 3 za ziada kila usiku ni mshahara wa mtu.

Nilifanya kazi ya usiku ya namna hiyo miaka miwili. Wewe unatoka Hamburg na mabodi mawili, mwenzako anatoka kusini na mawili. Mnakutana katikati ya njia, kwenye uwanja wa kituo cha malori. Hamjuani majina. Unashusha yako, anashusha yake, mnabadilishana, kila mmoja anarudi kwake na mzigo wa mwenzake. Alfajiri unalala kitandani kwako. Kwa dereva mwenye watoto hiyo ni neema ambayo semi ya masafa marefu haiwezi kukupa, na ndiyo maana nasema naipenda. Kule yadini miguu ya bodi ikisimama kwenye ardhi laini inazama upande mmoja, na foklifti ikiingia ndani bodi linaweza kulala. Nimeshaona moja limeinama usiku wa mvua, tukalinasua kwa saa nne. Ardhi ya saruji kwanza, mengine baadaye.

Bint Kisauni

Bwana Yadi, hongera kwa uzi. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya kwenda Nairobi na Kampala. Swali langu ni hili. Hiyo swapubodi yapandaje treni? Nimezoea kontena lanyanyuliwa kutoka juu, zile pembe nne.

Mzee wa Yadi

Dada, umegusa penyewe. Kontena lina vipande vya chuma vyenye matundu kwenye pembe zote nane. Kreni inashika pembe za juu, behewa linafunga pembe za chini, na nguzo za pembe zinabeba uzito wa makontena mengine juu. Swapubodi ya kawaida pembe za juu haina. Inanyanyuliwa kutoka chini: mashine inashusha mikono minne, kama mtu anayebeba sanduku kwa kushika kitako, na mikono hiyo inaingia kwenye mifuko minne iliyopakwa rangi ya njano. Chini ina matundu yaliyowekwa kwenye nafasi zilezile za kontena la futi 20, kwa hiyo behewa lilelile linaipokea, ingawa bodi lenyewe ni refu zaidi na linazidi mbele na nyuma.

Hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo. Kwa kuwa haina nguzo za kubeba, swapubodi haipangwi moja juu ya nyingine. Yadi inajaa haraka, na kwenye meli ya makontena haina kazi.

Fundi Makontena

Mkuu nakusahihisha kidogo kwa heshima. Zipo swapubodi za chuma zenye pembe za juu, zinazopangika na kunyanyuliwa kama kontena. Nimezikarabati Antwerp. Uzito wake mtupu uko juu kidogo, na hazipangwi juu sana kama kontena la ISO, lakini zipo.

Mzee wa Yadi

Umesema kweli fundi, nilipaswa kusema "nyingi". Hizo za kwako ndizo nyumba ya katikati, na Ulaya ilijaribu kuifanya nyumba hiyo iwe sheria. Mwaka 2003 Tume ya Ulaya ilileta pendekezo la chombo kimoja cha Ulaya nzima: pana kama swapubodi ili paleti zienee, gumu kama kontena ili lipangike na kunyanyuliwa kutoka juu. Kwenye karatasi ni kitu kizuri mno. Lakini wenye meli walisema tunazo tayari aina za kutosha, mkiongeza nyingine mnatuongezea mtafaruku, na pendekezo likaishia kuondolewa.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, ndani ya ISO kwenyewe kulijadiliwa mfululizo wa pili wa makontena, mapana karibu mita 2.6 na marefu zaidi ya futi 40. Nao haukupita. Mimi nasema afadhali.

Bint Kisauni

Afadhali kwa nini? Sasa hivi umetoka kulia kwamba hewa yasafirishwa, na shemeji yako kaacha paleti 5 rampuni. Kama upana mkubwa ni bora, si dunia yote ihame mara moja, tupumzike?

Mzee wa Yadi

Kwa sababu boksi ni sehemu ndogo ya gharama, dada. Ndani ya meli ya makontena kuna reli za chuma zilizosimama wima, kontena linateleza ndani yake kama droo. Reli hizo zimepimwa kwa futi 8. Kreni ya bandarini ina fremu yenye vichwa vinne vya kufungia, umbali wake kwa upana haubadiliki. Tela la kontena, behewa, mashine ya yadini, vyote vina pini kwenye umbali uleule. Ungebadili boksi, ungebadili vyote hivyo. Tajiri angebadilisha kwa miaka kumi. Bandari iliyokopa pesa za kreni ingebaki na kreni isiyoshika boksi la wakati huo, huku deni lake likiendelea. Miaka ile ya 1980 nchi nyingi za kwetu ndiyo kwanza zilikuwa zimenunua mashine hizo.

Ndiyo maana ujanja wa kontena pana naustahi sana. Waliolibuni hawakugusa pembe. Pembe zote nane ziko palepale ISO ilipozitaka, kreni haioni tofauti. Walichofanya ni kuzipunguza kuta unene na kuzisukuma nje katikati ya nguzo, zikatokeza sentimita chache. Ndani ya meli, reli zinashika pembe tu, na kati ya kontena na kontena huwa kuna mwanya. Kuta zilizotokeza zinakaa kwenye mwanya ule. Zile zilizopanuliwa hadi mita 2.5 kuanzia kwenye pembe haziingii kwenye droo, hizo zinakwenda kwenye meli za kubeba matela.

Mkaazi wa Felixstowe

Nichangie upande wa reli, niko Uingereza. Huku treni zilijengwa na watu wa karne ya 19, mahandaki na madaraja ni madogo kuliko bara. Njia za mizigo zinapangwa kwa ngazi, kulingana na ukubwa wa mzigo unaoweza kupita. Njia ya W10 inapitisha kontena la kimo cha futi 9 na nusu lenye upana wa mita 2.5 kwenye behewa la kawaida. Ukitaka boksi la baridi la mita 2.6 lipite, unahitaji W12. Sentimita 10 tu za upana, lakini kwenye mviringo wa handaki pembe ya juu ya boksi ndiyo inayogusa kwanza. Njia ya kutoka Southampton kwenda katikati ya nchi ilikamilika kufanywa W10 mwaka 2011, na walilazimika kushusha sakafu ya handaki la pale Southampton. Yaani ukiongeza upana wa boksi, kuna mtu anachimba handaki.

Mzee wa Yadi

Asante sana kaka. Huku bara nako kila swapubodi ina kibao cha njano chenye herufi C na namba, na kila njia ya reli ina namba yake. Namba ya bodi ikizidi ya njia, haipandi. Kwa bodi lisilozidi mita 2.55 namba ina tarakimu mbili: unajumlisha na 245, unapata kimo kwa sentimita. C45 ni sentimita 290. Bodi lenye upana kati ya 2.55 na 2.6 linaandikwa tarakimu tatu, ili mtu wa treni ajue papo hapo kwamba huyu ni mnene.

Kuli wa Kidatu

Mimi ni mzee, nilifanya kazi reli. Nawasoma kwa furaha. Niwakumbushe vijana: reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067. Milimita 67 tu, lakini behewa la huku haliendi kule. Kidatu ndipo mzigo ulipokuwa unahama kutoka reli moja kwenda nyingine. Mzigo wa magunia ulibebwa na migongo yetu. Kontena lilinyanyuliwa, likawekwa upande wa pili, treni ikaondoka. Kwa hiyo namuunga mkono Mzee wa Yadi. Boksi lenye pembe mahali pamoja lilituokoa sisi wenye reli zisizofanana. Msije mkaliharibu kwa ajili ya paleti za watu wengine.

Dereva Tunduma

Shikamoo mzee. Hiyo ya milimita 67 imeniingia.

Kuli wa Kidatu

Marahaba mwanangu. Endesha salama.

Bint Kisauni

Shikamoo mzee, na nimeyapokea. Lakini Bwana Yadi, hujanijibu Marekani. Nasoma kwamba wao ndani ya nchi yao wana maboksi ya futi 53, mapana kuliko ya ISO. Wao wameweza vipi? Na kama wao wameweza, kwa nini Mombasa, Nairobi hadi Kampala tusiwe na letu?

Mzee wa Yadi

Swali bora kuliko yote ya uzi huu.

Mwaka 1982 sheria ya Marekani iliruhusu magari yenye upana wa inchi 102, yaani mita 2.59. Matela yakapanuka mara moja. Kampuni za reli zikaona zitapoteza mzigo kwa malori, na kufikia 1989 boksi la futi 53 lenye upana huohuo likawa limeingia kazini. Mwaka huohuo kampuni ya malori ya J.B. Hunt iliungana na reli ya Santa Fe kubeba mizigo yake kwa treni. Hawakuvunja kanuni ya pembe: boksi la futi 53 lina nguzo za kunyanyulia kwenye nafasi za futi 40, kwa hiyo linapandishwa juu ya kontena la futi 40 kwenye behewa la ghorofa mbili na linafunga vizuri.

Lakini boksi hilo halipandi meli. Kontena la kutoka Asia linafika Los Angeles au Long Beach, linavutwa hadi kwenye maghala ya bara, linafunguliwa, mzigo wa makontena 3 ya futi 40 ya kimo cha kawaida unawekwa kwenye maboksi 2 ya futi 53, ndipo treni inaondoka kwenda Chicago. Hesabu yao inalipa kwa sababu safari ni ndefu na mzigo wa ndani ya nchi ni mwingi mno, boksi haliwezi kukosa mzigo wa kurudi.

Kwetu mzigo mkubwa wa treni unatoka melini na boksi linatakiwa kurudi melini. Ukilifungua bandarini umevunja sili ya forodha, umelipa makuli mara mbili, umeongeza siku, na vitu vinapungua mikononi mwa watu. Na mzigo wa bara kwenda pwani, na ule wa saruji, sukari, unga, vigae, ni mzito. Uzito unakwisha kabla ya nafasi. Upana haukusaidii kitu kama ekseli zimeshafika kikomo kwenye mizani.

Bint Kisauni

Kwa mzito nimekubali. Lakini siyo kila kitu ni saruji. Magodoro, tishu, nepi, chupa za plastiki, mikate, mitumba iliyokwisha chambuliwa. Vyatoka Nairobi kila siku kwenda Mombasa, Kisumu, Kampala, na vyote ni vyepesi, vyajaza gari kabla ya kilo kufika nusu. Hivyo havina habari na meli. Nami naona malori pale ghalani yamesubiri kupakuliwa siku mbili, dereva kalala chini ya gari, mwenye gari hapati kitu. Hizo swapubodi zako za miguu minne zingewafaa hao.

Mzee wa Yadi

Dada, hapo umenishinda na nakubali mbele ya wote. Nilikuwa nafikiria upana tu, nikasahau miguu. Lori linalosubiri siku mbili ni hasara kubwa kuliko sentimita 9. Kwa magodoro na nepi kati ya viwanda na maghala ya mikoani, bodi linaloachwa limesimama na gari likaondoka lingefanya kazi hata bila treni. Inahitaji gari lenye springi za upepo, uwanja wa saruji na madereva waliofundishwa kufunga pini za miguu. Vyote vinapatikana. Sioni sababu ya kampuni yenye malori kumi isijaribu na mabodi ishirini.

Dereva Tunduma

Hata mimi ningejaribu. Kukutana katikati ya njia na kubadilishana, mimi Dar na mwenzangu Tunduma, tukutane Iringa, kila mtu arudi kwake... mke wangu angefurahi.

Shemeji Kariakoo

Wakuu, ndiye mimi mwenye paleti 5. Nimesoma mwanzo mwisho. Swali moja: kama kontena pana lipo na pembe zake ni za kawaida, kwa nini nisingelipata kuja Dar?

Mzee wa Yadi

Karibu shemeji. Kontena pana ni mali ya watu wa safari fupi, linatakiwa kurudi wiki ijayo na mzigo mwingine wa paleti za Ulaya. Likija Dar, litarudi na nini? Ufuta, kahawa na korosho vinapakiwa kwa magunia, havilipi zaidi kwa upana, na mwenye boksi atakuwa amelikosa miezi miwili au mitatu. Kontena la ISO likifika Dar linaweza kwenda Mumbai, Shanghai, popote, na kote linapokelewa.

Safari ijayo fanya hivi. Mwambie muuzaji aandike aina ya kontena na vipimo vya ndani, siyo "futi 40" peke yake. Kisha uliza mlango, maana mlango ni mita 2.34, mwembamba kidogo kuliko ndani, na paleti iliyofungwa plastiki ikivimba pembeni inakwama pale. Kwa kuwa viungio vyako ni vyepesi na viko kwenye maboksi, omba vipakiwe kwa mkono bila paleti, zote 30 zingeingia na nafasi ikabaki. Utalipa kazi ya mikono kule na huku utahitaji vijana wa kushusha, lakini ni nafuu kuliko kontena la pili.

Shemeji Kariakoo

Hizi 5 wameziweka kwenye kontena la kuchangia na watu wengine, meli inaondoka Jumanne. Nauli yake karibu inafika nusu ya ile ya kontena zima. Nimeshampelekea muuzaji ile hesabu ya 10 na 15. Kajibu kwamba kwa wateja wa Afrika sasa ataandika 25.

Mtu wa Njombe

Ametoka kujifunza kwako shemeji. Mkuu wa Yadi, swali la mwisho: paleti zangu zikiwa na kimo cha mita 2.3, kontena refu la baridi linakubali, au hewa itabanwa juu?

Mzee wa Yadi

Ndani ya lile refu ukutani pamechorwa mstari mwekundu. Usiuzidi hata kwa boksi moja, maana juu ya mstari ndipo hewa inaporudia kwenye mashine. Pima paleti ikiwa imeshapangwa, pamoja na mbao za chini, halafu ulinganishe na mstari wa kontena lenyewe litakaloletwa, siyo na karatasi.